Ramani Tatu za Kisumu Ndogo

Dada Nafula,

Salamu nyingi kutoka Nairobi. Mimi ni mzima, ila moyo bado unanidunda. Juzi tulienda Kibera, sehemu inayoitwa Kisumu Ndogo, watu watatu wa ofisi tatu za serikali: mimi wa upimaji, mwingine wa maji, mwingine wa barabara. Tumeambiwa tutengeneze ramani moja ya kutumiwa na sisi sote. Mama Atieno, muuza dagaa wa omena, akatuazima meza, tukatandaza juu yake ramani zetu tatu.

Haki ya Mungu, nilishtuka! Pale tuliposimama, ramani ya maji ilionyesha msitu. Ya barabara ilikuwa na kichaka na mstari mwekundu wa barabara mpya ukipita katikati. Yangu, niliyoichora mwenyewe bila kufika huku, ilikuwa nyeupe tupu.

Mama Atieno akauliza, "Sasa mimi na hawa majirani tunaishi wapi?"

Kisha yule wa barabara akasema polepole, "Tingatinga linakuja Jumatatu. Kwenye karatasi hapakuwa na mtu."

Tulipima nyumba zilizo kwenye njia ya mstari ule mwekundu hadi jioni, sote tukiandika vipimo vilevile na alama zilezile. Jana yule wa barabara alimpelekea mkubwa wake ramani moja tuliyoichora kwa vipimo hivyo, na tingatinga limesimamishwa. Mama Atieno alitupakulia ugali na omena. Nilikula huku nikiwaza ni wapi pengine nimechora peupe.

Nisalimie mama, umkumbatie mtoto. Mungu awalinde nyote hapo nyumbani.

Kaka yako,
Wekesa