Pipa la Pili Mtoni Luama

Furaha, mjukuu wangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka Kasongo, na uniwie radhi kuchelewa kukujibu. Sisi ni wazima. Shangazi yako wa Wamaza amejifungua salama.

Kutoka huko Muanda, pwani, umeniuliza kipi huchafua bahari zaidi: meli za mafuta zilizozamishwa vitani, au visima vya baharini vinavyovuja leo. Vipimo sivijui, samahani. Nakumbuka tu mapipa mawili ya mazutu, yaani dizeli, yaliyoanguka kutoka kwenye kivuko cha Luama, upande wa Kabambare, nilipokuwa kijana.

La kwanza lilipasuka. Tuliona, tukapiga ngoma kuwaonya watu wa mkondo wa chini, na hakuna aliyechota maji mpaka yalipotakata. La pili lilizama zima, tukalisahau. Kiangazi kilichofuata kutu ikalitoboa, wala ngoma haikulia. Nyanya yako, msichana wakati ule, alikunywa akatema: "Mazutu tena? Na leo kivuko hakikuangusha kitu!" Wadogo zake walikuwa wamekwisha kunywa.

Kisima kinachovuja leo ni pipa la kwanza: kinatisha, lakini kinaonekana. Meli zilizozamishwa vitani, zile zisizoungua, zingali chini na mafuta yake, zikiliwa na kutu.

Marehemu nyanya yako alinusa kila kikombe cha maji hadi mwisho wa maisha yake. Siku hizi nanusa mimi.

Babu yako akuombeaye