Luka, Luka

Dada Nafula,

Kazini nimefundishwa kuanza barua na tarehe na namba ya faili. Kwako nimeanza mara tatu, na mara tatu mkono umekataa. Basi nianze na bembea.

Nyuma ya nyumba za wafanyakazi hapa Kitale wamejenga uwanja wa watoto. Wamesimamisha vyuma viwili vya reli, wakalaza kingine juu, na minyororo imeshika vibao vya kukalia. Kando kuna bati la kuteleza, limeng'arishwa na makalio ya watoto. Jumapili baada ya ibada niliwapeleka wanao, Nekesa na Wafula. Kusema kweli, niliwapeleka ili niwaage. Mfukoni nilikuwa na barua ya kumwomba mama aje awarudishe Sirisia. Sijaoa, chumba changu ni kimoja, na kila Wafula akikohoa naona kaburi lako. Uliponiambia, "Watoto wangu wasome kwako," niliitika kwa kichwa tu. Ahadi sikuitamka. Labda uliona.

Unakumbuka kijito cha kwetu, wakati wa mvua? Ulikuwa umeshavuka, vitabu vyangu kichwani pako, nami nimebaki ng'ambo nikiyaogopa maji. Ukaita, "Luka, luka!" Nikajibu, "Naam, dada, nimesikia." Ukaita tena, "Luka, luka!" Nikaitika tena. Ulicheka mpaka ukaketi kwenye matope. Hukuwa unaniita mara mbili. Ulikuwa unaniambia niruke. Ulimi wa kwetu hauchagui kati ya r na l. Miaka baadaye, nimetoka shule na viatu vyangu vipya, nilikusahihisha mbele ya wageni: "Ni ruka, dada, si luka." Uliinuka ukaenda jikoni. Mpaka leo nauona mgongo wako. Nisamehe.

Sasa sikiliza. Nekesa alipanda bembea, wenzake wakamsukuma. Mimi nilisimama kando, mikono mbele, kama mtu anayepokea sufuria ya moto. Msichana mmoja akanitazama, akasema, "Ati karani anaogopa bembea, na hata hajaipanda!" Wakacheka wote, Wafula akizidi. Lakini Nekesa alikuwa anapaa. Kila alipokwenda juu, miguu yake iliufunika Mlima Elgon. Kila aliposhuka, mlima ulirudi mahali pake. Mlima mzima, Nafula, unazibwa na nyayo mbili zenye vumbi! Sijawahi kuona jambo kama hilo. Kisha, bembea ilipofika juu kabisa, akaachia minyororo.

Nilifumba macho.

Nilipoyafumbua alikuwa amesimama mchangani, damu kidogo gotini, anacheka kicheko chako kile kile. Akanipigia kelele: "Mjomba Luka, luka!"

Nani alimfundisha? Si mimi, mimi humkazania hiyo r kila jioni. Nilisimama pale kama mtu aliyeingia kanisani na kukuta limejaa. Halafu nikaketi kwenye kibao, na koti langu la ibada, watoto wakanisukuma. Nikaona mabati yote ya mtaa, na barabara ya Bungoma, ile uliyonisindikizia nilipokuja kuanza kazi. Niliogopa, dada. Niliogopa sana. Nikaruka.

Suruali imechanika, na Wafula amewatangazia majirani mpaka mwisho wa mtaa.

Sikuwa na karatasi nyingine. Ukiigeuza hii utaiona ile barua ya mama. Nimeipiga mistari miwili, kama tunavyofanya ofisini kwa jambo lililofutwa. Nitamwandikia nyingine, aje kututembelea tu. Sikuahidi ulipokuwa hai, basi naahidi sasa, kwa wino: watasoma kwangu. Hofu haijaisha, nitawalea nayo hivyo hivyo. Na Nekesa nitamsahihisha maneno yote, isipokuwa lile moja.

Rara salama, dada, kama ulivyokuwa ukisema wewe.

Mdogo wako,
Luka