Viti vitatu kwa Mama Kaswera

Alima, niko na haya mpaka sasa.

Tangu asubuhi nasikia wazungu kwa jirani, Mama Kaswera. Wanaongea, wanabishana, wanacheka. Unajua yule mujane hana viti vya wageni. Nikabeba vyetu vitatu.

Hakuna mutu, Alima. Ni redio ya Uingereza kwa telefone. Mara habari, mara mambo ya bustani, mara teatre, ile michezo ya kuigiza. Siku nzima, na mama hajui Kingereza hata kidogo.

Wakacheka, naye akacheka.

Nikamuuliza: "Mama, unacheka nini?"

"Mutoto wangu Élisée anaishi kule. Wakicheka, najua naye iko anacheka."

Hakuna mutu. Na mimi nimesimama pale na viti.

Akaniambia: "Sasa umeleta viti, ikala basi, tusikilize."

Nimerudi sasa hivi. Viti nimeviacha kule.