Korosho za Chini ya Gunia

Baba yangu,

Shikamoo. Marahaba yako siitarajii, ila mkono umezoea kuanza hivyo.

Nakuandikia kutoka Tanga, ambako nimeishi miaka mingi kuliko niliyoishi Newala. Unakumbuka siku ile ghalani, nilipokuwa mwalimu mpya, nimekuja likizo? Wewe ulikuwa mpimaji, unapasua korosho kwa kisu kuangalia kama kiini ni kizima. Ilipofika zamu ya gunia letu wenyewe, la shamba letu la Mnyambe, nikakuteulia korosho mwenyewe, nene, zinang'aa. Ukazirudisha bila kuniangalia, ukazamisha mkono guniani mpaka kwapani, ukatoa za chini.

"Mwenye gunia hachagui, mwalimu," ulisema.

Watu wakacheka. Tukapata daraja la pili, na Mama hakukusemesha siku mbili.

Sasa mjukuu wangu Zuhura, kitukuu chako, anatengeneza programu za kompyuta Masasi. Wakulima wamempa kazi yake kubwa ya kwanza: programu ya kupokea vipimo vya ghalani na kupanga daraja. Kwenye semina ya watengeneza programu bwana mmoja alimwambia yeye na wenzake kwamba siku hizi akili bandia inaandika programu nzima, mtu anakunywa chai tu. Wakampigia makofi. Makofi ya namna hiyo niliyasikia kwa matrekta yaliyokuja kufuta jembe la mkono. Jembe bado lipo.

Wiki iliyopita Zuhura alinipigia simu kwa furaha. Akili bandia imemaliza kazi ya mwezi kwa siku mbili, na programu imefaulu majaribio yote. Nikamuuliza majaribio hayo kayaandika nani.

"Hiyohiyo akili bandia, Babu."

Nikamsimulia habari ya gunia letu. Akanitania kwamba hata redio niliinunua baada ya majirani kuichoka. Lakini kesho yake alikwenda ghalani, akachukua karatasi za vipimo za zamani zilizojazwa kwa mkono, zenye madoa na mapengo, akaziingiza kwenye programu. Aliponipigia tena, sauti ilikuwa chini. Kila mahali mpimaji alipoacha kipimo cha unyevu wazi, programu ilisoma sifuri. Korosho ambazo hakuna aliyezipima zikawa kavu kabisa, daraja la kwanza. Na Jumatatu angeikabidhi kwa jina lake.

Ameahirisha. Wenzake wa semina wanamwita mwoga.

Nilimuuliza kosa lile amelirekebisha nani.

"Hiyohiyo, Babu. Ila safari hii karatasi za kuijaribu nachagua mimi."

Pumzika, Baba. Kisu chako nimekipeleka stendi leo, kinakwenda Masasi.

Mwanao, mwalimu wa daraja la pili