Nani Aliyekushika Mkono, Zuwena?

Mjukuu wangu Zuwena,

Barua hii nnaisema mimi, Bi Time wa mlango wa pili anaiandika, maana skuli sikukanyaga. Nimemwambia asinipambie maneno.

Unakumbuka likizo ile nilipokuuliza huko ughaibuni unasoma nini? Ukanivuta nje. Umeme umekatika Michenzani nzima, wewe na kanzu nyeupe, mimi na buibui langu. Ukanishika mikono tukazunguka.

“Aliye mbali ananiona mimi tu, Bibi. Wewe hakuoni. Lakini nnavyoyumba anajua nimeshikwa na mtu mzito.”

“Mzito mwenyewe,” nikakwambia.

Tukakaa, ukanieleza. Mwanga wa nyota mnauchambua rangi rangi, kama ukili wa mkeka, na ndani yake mna mistari myembamba ya giza. Nyota ikija kwetu, mistari inasogea upande wa buluu. Ikenda zake, upande wa nyekundu. Kwa kwenda na kurudi kule mnampima mwenziwe asiyeonekana, na akizidi uzito, basi ni shimo jeusi. Humnyonya mwenziwe, na kinachonyonywa huwaka, hutoa eksirei kabla hakijazama. Nikasema mume wa namna hiyo namjua, nshaachana naye. Ulicheka mpaka kanga ya kichwani ikakuanguka.

Sasa sicheki. Ulisema utakuja Ramadhani, hukuja. Ukasema Idi ya kuchinja, halua ikaota ukungu. Ukipiga simu unakaribia, Zuwena wangu yule yule. Nikikuuliza unakula nini, unakwenda mbali: “Nna kazi, Bibi.” Unakuja, unakwenda. Mimi sina mtambo, nna masikio. Kuna kitu kinakuzungusha nsichokiona, nami hakinikalishi. Nnafagia nilipokwisha kufagia. Nnamimina chai, inapoa, nnamimina nyengine.

Kama ni mume, mlete nimtazame. Kama ni maradhi, yataje. Kama masomo yamekushinda, yaache huko huko uje. Sikumzaa mamako ili anizalie shahada.

Ila usinambie hakuna kitu. Wewe ndiye ulonifunza kwamba nyota haiyumbi bure.

Na hicho kikivuta, kiache kivute. Una mikono miwili, mmoja nnao mimi toka usiku ule, na uzito wangu ulishaupima mwenyewe.

Nakuombea kwa Mungu, nangoja simu.

Bibi yako, mzito