Daraja la Luteni Twiga

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: limehifadhiwa kwa ombi lake. Umri: miaka 23. Kazi: karani, ofisi ya mafunzo, shule ya maofisa wahandisi wa jeshi. Makazi: kwa shangazi yake.

Kabla ya yote, afande, nakusihi maneno haya yasitoke humu chumbani. Wakijua nimekuja, nimekwisha.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, asubuhi, maofisa wanafunzi walikuwa na mtihani wa daraja la chuma, mtoni nyuma ya shule. Nilikuwepo kwa sababu mimi humbebea Mkuu wa Mafunzo kipaza sauti. Shuleni kwetu, ofisa aliyesimamia ujenzi husimama chini ya daraja lake gari la kwanza linapopita. Siku hiyo zamu ilikuwa ya luteni tunayemwita Twiga kwa urefu wake. Wenzake walimtania, "Twiga, kunja shingo, utaligonga!" Hakucheka.

Alikuja tulipokuwa tumesimama mimi na Mkuu, akapiga saluti.

"Afande, mhimili wa kushoto umepinda. Naomba gari lisipite."

Mkuu alitupa jicho kwenye jukwaa la wageni. "Unataka kuniaibisha mbele ya majenerali? Ingia chini."

"Mimi nitaingia, afande. Ila dereva..."

"Ingia!"

Akaingia. Lori lilipofika katikati, daraja lililalia upande wa kushoto, likaanguka nalo. Dereva alifia majini. Twiga alivunjika miguu yote miwili. Mimi nilikuwa bado nimekishika kipaza sauti.

Jioni Mkuu aliniita ofisini, akanivutia kiti mwenyewe. "Mwanangu, nilimwamuru alizuie lori, akakaidi. Ulisikia, sivyo?"

Nikasema, "Ndiyo, afande."

Sasa Twiga amelazwa, askari yuko mlangoni, na wiki ijayo anashtakiwa kwa kifo cha dereva. Aliyesikia alichoomba ni mimi peke yangu. Wengine walikuwa mbali.

Nimeyasema haya kwa hiari yangu, na ndivyo ilivyokuwa. Mkinihitaji, tafadhali msipige simu ya ofisini, wala msilete gari la polisi. Aje mtu mmoja, amevaa kiraia, kwa shangazi yangu, fundi cherehani nyuma ya kituo cha mabasi. Aseme ana suruali ya kupunguza. Shangazi ataniita.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya ofisa wa polisi: Nimemsomea shahidi, amekubali kuwa ni sahihi. Kwa kuwa tukio lilitokea eneo la jeshi, nakala imepelekwa leo kwa Mkuu wa Mafunzo ili aithibitishe.