Teksi Nyekundu na Kortege ya Annie

Alhamisi, 10 Julai 2025

Kosa la watu wengi ni rangi. Mtu akipata kigari cha zamani kilichobambuka hapa na pale, anakimbilia brashi. Anataka kiwe kipya. Kumbe anakiua! Rangi ya kiwandani, hata ikibaki nusu, ndiyo ngozi yake. Ukishaifunika umebaki na kipande cha chuma chenye umbo la gari.

Leo nimesafisha teksi. Maji ya uvuguvugu, brashi ya kunyolea ndevu, kitambaa cha pamba — basi. Sabuni hapana. Ni Renault ya 1907, teksi ya Paris, boneti yake imeinama kama sepetu. Kigari chenyewe kilitengenezwa Ufaransa miaka ya sitini: aloi ya zinki ikayeyushwa, ikasukumwa kwenye kalibu, ikapakwa nyekundu. Magurudumu ya njiti, rangi ya shaba. Inalala kwenye kiganja. Dereva hana, hakuwa naye tangu nilipomtoa — nilipoitoa — kwenye gunia la midoli ya mitumba kule Lilongwe. Zile nilizokusanya Bukavu zilibaki Bukavu tulipokimbia. Hii ndiyo iliyoanza upya pamoja nami.

Madeleine, mke wangu, amepita na beseni akauliza naongea na nani. Nilikuwa nayaeleza magurudumu kosa la rangi.

Jioni Annie, mjukuu wetu, amekuja na Noël wake, yule fundi wa simu. Tarehe ya harusi imepatikana: Jumamosi, 2 Agosti! Nimefurahi mpaka nikasahau kukausha njiti.

Jumapili, 13 Julai

Komite ya ndoa imekutana kwetu baada ya misa. Sisi wa Bukavu harusi yetu haiendeshwi na wazazi. Inaendeshwa na komite, komite ina prezida, na prezida hapingwi. Wetu ni Mama Jeannette, mshonaji, mwanamke wa sauti.

Jambo kubwa: kortege. Harusi bila magari yenye utepe, yanayofuatana na kupiga honi mji mzima, si harusi. Ni watu wamekutana kula. Na hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi, magari tutayatoa wapi? Kuna kabaza, baiskeli za abiria. Mmoja akasema basi tupange kabaza. Madeleine akauliza bibi arusi na gauni lile atakaa wapi, kwenye usukani? Tulicheka sana.

Mara Mama Jeannette akatazama rafu yangu ya vigari.

"Kortege iko pale," akasema.

Mpango wake: meza ndefu kutoka mlangoni mwa ukumbi hadi kwa maarusi, vigari vyangu vyote vimepangwa juu yake, vyenye utepe, teksi mbele. Walipiga makofi. Mimi nilipiga wa kwanza! Vigari vyangu, kortege ya mjukuu wangu!

Kisha akaongeza kwamba rangi za harusi ni nyeupe ya pembe na zambarau — wenyewe wanasema ivwari na mov — na hata sahani zinafuata. Basi rangi itanunuliwa.

Niliomba neno. Nikaeleza. Zinki, kalibu, tanuri la kuchomea rangi, tofauti ya rangi ya kiwanda na rangi ya duka. Nilieleza kwa mpangilio mzuri, kama darasani nilipokuwa mwalimu. Nilipomaliza walikuwa wameshafika kwenye mchuzi wa mbuzi.

Nilieleza kila kitu. Sikusema hapana.

Jumatatu, 14 Julai

Nimemwomba Madeleine anipelekee hapana yangu kwa Mama Jeannette. Amejibu: "Hapana ni yako, Fabien. Uipeleke mwenyewe."

Alhamisi, 17 Julai

Lilongwe! Nilipata kibali cha kutoka, nikaenda moja kwa moja kwa Wellars. Ni Mnyarwanda, anauza vyombo vilivyotumika, na kila kigari cha chuma kikitokea kwenye magunia yake ananiwekea kando. Sijaketi bado, akanipa kitu ndani ya soksi.

De Dion-Bouton. Vis-à-vis! Yaani abiria wanakaa mbele, wameipa barabara mgongo, wanamtazama dereva usoni. Watu wa mwaka 1900 hawakuwa na haraka ya kuona waendako, walitaka kuonana. Nimeitafuta miaka.

Lakini! Mtu ameipaka buluu. Rangi ya geti, nzito kama uji. Nilisema huyu mtu afungwe.

Wellars alicheka. "Muzee, uyo mutu hakukuwa mubaya. Angalia, amepaka mpaka chini ya kiti, kwenye hakuna mutu anaona. Aliipenda iyi gari."

Nikamweleza kwamba kupenda ni jambo moja, kuhifadhi ni jambo lingine. Alinisikiliza jinsi mtu anavyongoja mvua ipite. Kisha akanifungia De Dion ndani ya soksi yake ileile na kusema ni zawadi ya harusi, nisimpe mwaliko wa maneno marefu, nimtumie tu saa.

Safari nzima ya kurudi, Kanengo, Lumbadzi, mkono wangu ulikuwa mfukoni.

Jumapili, 20 Julai

Furaha ya leo ni kijiti cha mwanzi. Siri ni hii: rangi iliyopakwa juu ya rangi bila kukwaruza kwanza haishiki vizuri. Ukiwa na uvumilivu, inatoka kwa magamba. Buluu ikaondoka, chini yake kijani. Kijani chenyewe, cha kiwandani, kinang'aa! Niliita Madeleine, nikaita jirani.

Chini ya kiti nimeiacha buluu. Sijui kwa nini. Wellars na maneno yake.

Annie alikaa nami mkekani kutwa nzima. Alipokuwa mtoto alivipanga vigari hivi hapahapa na kuviozesha. Teksi ndiyo ilibeba bibi arusi sikuzote. Alikuwa ananung'unika: bibi arusi gani anapanda gari jekundu? Tumecheka. Kisha ameniuliza, huku akichezea utepe wa nywele, kama teksi ikipakwa, siku moja rangi inaweza kutolewa namna hii.

Swali zuri. Nilimweleza. Inategemea unene, inategemea mafuta, inategemea imekauka muda gani. Nilipofika kwenye unyevu wa hewa alitabasamu, akabusu kipara changu, akaondoka na sahani.

Jumatano, 23 Julai

Leo nilivaa koti niende kwa Mama Jeannette na hapana yangu. Hayupo, amekwenda Nathenje kutafuta nyanya na vitunguu vya harusi. Nimefurahi kama mwanafunzi ambaye mwalimu wake hakuja. Aibu, kwa umri huu.

Jumapili, 27 Julai

Nilimpata Mama Jeannette baada ya misa. Nilianza na historia ya rangi. Akaitwa kupima gauni.

Ijumaa, 1 Agosti

Nilikwenda kwa kinyozi. Kurudi — rafu tupu!

Kina mama wa komite walipita. Madeleine anasema walivifunga kimoja kimoja kwa vipande vya kitenge, wakavibeba kichwani ndani ya kapu, polepole, kama mayai. Wanapanga meza ukumbini. Na rangi? Madeleine hajui. Kopo aliliona.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni wakaingia wakwe. Mjomba wa Noël, Mrundi, mzee Nizigama, pamoja na watu wake. Wakwe hawaachwi. Niliketi. Nizigama ni mtu mwema, mcheshi. Akaniuliza rafu ile ni ya nini. Nikamweleza kila gari lililokuwa juu yake. Alisema hajawahi kuoneshwa rafu tupu iliyojaa namna hii.

Kesho mapema. Nitasema neno moja tu.

Jumamosi, 2 Agosti

Naandika nikiwa kwenye ngazi ya ukumbi. Saa nne asubuhi, baridi bado ipo. Jikoni wanaimba.

Nilifika saa tatu. Meza — mbona sikufikiri ingependeza hivi! Kitambaa cha zambarau urefu wote, vigari vyangu vimefuatana juu yake, kila kimoja na utepe mwembamba kama uzi. Kijani, njano, nyeusi, kila kimoja na rangi yake. Hakijaguswa hata kimoja. De Dion ya pili katika msafara. Moyo ulitulia.

Mbele, mahali pa teksi, hapakuwa na kitu.

Mama Jeannette alikuwa dirishani amenipa mgongo, miwani puani, teksi mkononi. Brashi ndogo, ya kupakia kucha. Upande wa kulia ulikuwa umekwisha: mweupe wa pembe, laini, bila tone moja lililochuruzika, hata kila njiti ya magurudumu ameikwepa. Upande wa kushoto mwekundu bado.

"Hapana!" nikasema. Sasa ndipo ilipotoka.

Mkono wake ulibaki hewani. Wanawake waliokuwa wakipanga viti wakageuka. Aliniangalia bila hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi.

"Papa Prof, ile siku ya komite ungesema neno iyo moja, singenunua ata kopo. Izi zingine nilikuwa nimeziacha. Mama Madeleine aliniambia juzi zinakuuma." Akaiweka teksi juu ya gazeti, taratibu. "Hii moja ni Annie njo aliniomba. Bibi arusi hapande gari nyekundu, alisema. Aliogopa kukuuliza."

Niliuliza aliogopa nini. Mimi sijamgombeza yule mtoto maishani.

"Alisema utaanza kueleza."

Mmoja wa wale wanawake alicheka kidogo, akaziba mdomo. Mama Jeannette akaweka kando ya teksi kitambaa chenye mafuta ya taa, na kando ya kitambaa akaweka brashi. Akasema rangi iko bichi, kwa mafuta itatoka yote, achague mwenye gari. Halafu akaenda jikoni kuangalia mbuzi.

Basi niko hapa. Teksi iko ndani, upande huu mweupe, upande huu mwekundu. Kitambaa kinanuka mpaka nje. Ni kweli asemavyo: nikipangusa sasa hivi, nyekundu yote itarudi kama haikuguswa. Ikikauka, itakuwa kazi ya kijiti cha mwanzi, miezi, na huenda ikaondoka na ngozi. Namfikiria Annie mkekani akichezea utepe. Lilikuwa ombi, si swali, nami nikajibu kwa unyevu wa hewa.

Nimeingia kuitazama tena. Mama Jeannette amepaka mpaka chini ya kiti.

Misa ni saa sita. Annie atafika hapa saa nane, na mlango utafunguliwa, na kitu cha kwanza atakachoona ni teksi.

Kazi yangu ya leo, kabla ya kuvaa koti: paka upande wa kushoto, usieleze kitu.